Ubichi si Sumu

Chupa aliyouziwa shangazi yangu ina maneno mawili yaliyoandikwa kwa herufi nene kuliko jina la dawa yenyewe: TOA SUMU. Chini yake, kwa maandishi madogo, panasemwa kwamba ni dawa ya Ayurveda, tiba ya jadi ya India, kwamba ni ya asili kwa hiyo haina madhara yoyote, na kwamba inywewe siku saba mfululizo, asubuhi, kabla ya kutia kitu kinywani. Shangazi ana miaka 67 na ana kisukari. Siku ya kwanza aliharisha mara sita, akafurahi, maana muuzaji alimwambia akiona hivyo ajue sumu inatoka. Siku ya pili aliharisha tena na chakula hakikupita, lakini vidonge vyake vya sukari alivimeza vyote, kwa kuwa ni mtu wa kushika masharti. Alfajiri ya siku ya tatu binti yake alimkuta ameanguka karibu na mlango wa choo, kanga imelowa jasho, anazungumza maneno yasiyoungana. Walipompima hospitali, sukari ilikuwa imeshuka hadi 1.9.

Alipona, namshukuru Mungu. Mimi kwa miezi kadhaa nilibaki nimeichukia Ayurveda nzima, na ningeandika makala nyingine kabisa kama nisingekwenda India mwaka uliofuata. Nilimsindikiza kaka yangu kutibiwa nyonga mjini Kochi, jimbo la Kerala, tukapanga vyumba viwili kwa mama mmoja wa makamo. Tulimwita Chechi, ndivyo Wamalayali, wenyeji wa Kerala, wanavyomwita dada mkubwa. Chechi alikuwa na soriasisi. Ngozi ya viwiko na mgongo ilikuwa imefanya magamba. Katika majuma matano tuliyokaa kwake aliingia kwenye panchakarma, tiba ya Ayurveda ya kusafisha mwili, ile ile ambayo chupa ya shangazi ilidai kuifupisha ndani ya siku saba. Nilimwona asubuhi hadi jioni. Tangu hapo hasira yangu imehamia kwingine.

Tuanze na neno. Daktari wa hospitali akisema sumu, ana kitu anachokitaja kwa jina. Mtoto akiwa ameramba rangi yenye risasi, watampima damu, watasoma kiwango cha risasi, watampa dawa inayoishika risasi na kuitoa kwa mkojo, kisha watampima tena waone imeshuka kiasi gani. Mtu akimeza parasetamo kupita kiasi, ipo dawa yake, asetilisisteini, na zipo saa chache za kuiwahi kabla ini halijaharibika. Sumu hapo ina jina, ina kipimo, na kuna namna ya kujua kama imetoka au bado ipo. Chupa ya shangazi haikutaja sumu hata moja. Iliogofya tu. Na mwili nao haukai ukingoja mfagizi aje na chupa: figo mbili za mtu mzima huchuja karibu lita 180 za majimaji ya damu kwa siku, zikarudisha karibu yote, zikatoa lita moja na nusu hivi ya mkojo, ini nalo hubadilisha pombe, dawa na mabaki ya chakula usiku na mchana. Aliyeharisha siku mbili amepoteza maji, chumvi na potasiamu. Figo zake zinafanya kazi kwa shida zaidi, hazijasaidiwa chochote.

Sasa, neno la Kisanskriti ambalo wafanyabiashara hawa hulitafsiri kuwa sumu ni ama. Nilimuuliza vaidya, yaani tabibu wa Ayurveda, aliyemtibu Chechi maana yake, akachukua ndizi ya kijani iliyokuwa mezani akanionyesha. Ama ni kitu kibichi. Ni tunda lisiloiva, chungu cha udongo ambacho hakijachomwa, chakula kilichoepuliwa kabla ya wakati. Katika fikra za Ayurveda, chakula hupikwa mara mbili: jikoni, kisha tumboni, kwa moto wa mwili unaoitwa agni. Moto huo ukilegea, chakula hakiivi sawasawa, na kile kilichobaki nusu mbichi ndicho ama. Hunata, huziba njia, huleta uzito, ulimi hupata utando, viungo hukakamaa asubuhi. Hata ugonjwa wa viungo unaofanana sana na baridi yabisi huitwa amavata, yaani ubichi uliochukuliwa na upepo wa mwili.

Sumu inayotoka nje ina jina lake jingine, visha, na ina tawi lake zima la elimu, agadatantra, moja ya matawi manane ya Ayurveda, linaloshughulika na nyoka, nge na mimea ya kuua. Ni kweli vitabu vinasema ama ikizidi sana huweza kugeuka ikafanya kazi kama sumu, ikaitwa amavisha. Lakini hiyo ni hatua ya mbali na ni ya wagonjwa mahututi. Kumwambia kila mtu aliyechoka kwamba amejaa sumu ni kuchukua ukurasa wa mwisho wa kitabu na kuubandika kwenye jalada.

Tofauti hii inabadilisha tiba yenyewe. Ukiamini una sumu ndani, unataka itoke leo, kwa nguvu, kwa mlango wowote. Ukiamini una kitu kibichi, unakiivisha. Vagbhata, tabibu aliyeandika yapata karne ya 7, alilisema hili waziwazi katika Ashtanga Hridaya. Uchafu uliochanganyika na ama, ukiwa umetapakaa mwili mzima, usiutoe, anaonya. Kuutoa ni sawa na kukamua maji ya tunda bichi: maji hayatoki vizuri na tunda lenyewe linaharibika. Iwashe kwanza agni, anasema, ivisha kilicho kibichi, lainisha kwa mafuta, toa jasho, halafu ndipo utoe, kwa wakati wake. Nilipoisoma sehemu hiyo nilimfikiria shangazi kwenye sakafu ya choo. Aliyemuuzia chupa alimkamua embe bichi.

Panchakarma maana yake ni matendo matano. Kwa Charaka, tabibu wa kale ambaye kitabu chake ndicho nguzo ya tiba ya dawa katika Ayurveda, matano hayo ni kutapisha, kuharisha, enema (dawa iingizwayo kwa njia ya haja kubwa) ya mchemsho wa mitishamba, enema ya mafuta, na kutia dawa puani. Upande wa Sushruta, aliyekuwa bingwa wa upasuaji, huhesabiwa pia kutoa damu, kwa chuma au kwa ruba. Kila tendo lina shabaha yake: kutapisha ni kwa kapha, uzito na kamasi za kifuani, kuharisha ni kwa pitta, joto la nyongo na ngozi, enema ni kwa vata, upepo unaosumbua viungo na mishipa ya fahamu, nayo husifiwa kuwa ni nusu ya tiba yote. Hata majira yamepangwa. Kutapisha huwekwa majira ya kuchipua, kuharisha baada ya mvua, enema mvua zikiwa zinanyesha.

Watu husikia matendo hayo matano wakadhani ndiyo tiba. Kwa Chechi, tendo lenyewe lilikuwa moja tu, kuharisha, na lilichukua nusu siku. Mengine yote ya karibu majuma matatu yalikuwa kujiandaa na kurudi.

Alianza kwa maswali. Vaidya wake alikuwa binti wa miaka thelathini na kitu, mwenye shahada ya Ayurveda ambayo India husomewa miaka mitano na nusu, mmoja wa mafunzo ya vitendo ukiwemo. Alimuuliza njaa inakuja saa ngapi, na ikija inauma au inanong'ona. Choo kinaelea au kinazama. Usingizi unakatika saa ngapi. Kisha akazisoma karatasi za maabara, ini, figo, sukari, mafuta ya damu, akapima presha, akamwandikia dawa za kuamsha tumbo kwa siku kadhaa, tangawizi kavu ikiwa ndani yake. Chechi akasema ana haraka, harusi ya mpwa wake inakaribia. Vaidya akamjibu kwamba basi aende harusini kwanza. Hakucheka alipolisema hilo, na Chechi akaahirisha safari ya harusi.

Ikaja samli. Asubuhi, tumbo likiwa tupu, Chechi aliletewa samli iliyopikwa na mitishamba michungu, mwarobaini mmojawapo, ikiwa imeyeyushwa kidogo iwe vuguvugu. Siku ya kwanza mililita 30. Aliishika pua kwa vidole viwili, akainywa mara moja, akafuatisha maji ya moto kwa mafunda madogo madogo, akakaa kwenye kiti cha barazani bila kulala. Kulala mchana hairuhusiwi. Hakula chochote mpaka njaa ilipokuja yenyewe, na ilipokuja alipewa uji wa mchele. Kila jioni vaidya alipiga simu kuuliza jambo moja: njaa ilikuja saa ngapi? Ndiyo ilikuwa mizani yake. Njaa ikija mapema, kesho samli inaongezwa. Siku ya nne njaa ilichelewa hadi alasiri, na kesho yake kipimo hakikuongezwa. Siku ya sita Chechi alisema harufu ya samli tu inamtia kichefuchefu, ngozi ya mikono ilikuwa laini kama ya mtoto, na chooni aliona mafuta. Vaidya alifurahi kusikia hayo yote matatu. Ndizo dalili zilizoandikwa, kwamba mwili umeshiba mafuta na sasa simamisha.

Baada ya hapo siku tatu za kuchuliwa mafuta mwili mzima na kukaa ndani ya sanduku la mvuke, kichwa kikiwa nje. Charaka analieleza hili kwa fimbo. Hata mti mkavu, anasema, ukipakwa mafuta na kupashwa moto hukunjika bila kuvunjika. Itakuwaje binadamu aliye hai? Sisi tuna methali ya samaki kukunjwa angali mbichi, tukimaanisha kwamba akikauka basi tena. Tabibu huyu wa kale anamtazama mgonjwa aliyekwisha kukauka, mwenye umri na maumivu yaliyozoea kukaa, na bado ana subira ya kumlainisha.

Maelezo wanayotoa wenyewe ni kwamba uchafu umejificha kwenye matawi ya mwili, nyamani na ngozini. Samli huulegeza, joto huuyeyusha, nao hutiririka kurudi tumboni, ambako kuna mlango wa karibu wa kutokea. Sina uhakika kwamba mwili unafanya kazi hivyo. Lakini tazama nidhamu inayotokana na maelezo hayo. Hakuna anayeruhusiwa kufungua mlango kabla mzigo haujafika mlangoni.

Siku ya kuharisha alipewa unga wa mitishamba na maji ya moto, akakatazwa kujizuia na akakatazwa kujikamua. Muuguzi alikaa naye, akaandika kila safari kwenye daftari, akampima presha mara nne. Vitabu vinatambua hali tatu: tendo lililopungua, lililozidi, na lililokuwa sawa. Lililozidi lina dalili zake, kizunguzungu, kiu, misuli kukaza, damu, na Charaka ametenga sura nzima kwa ajili ya ajali za kutapisha na kuharisha na jinsi ya kuziokoa. Ameorodhesha pia watu wasiofaa kuguswa na tiba hizi, wajawazito, wazee waliodhoofika, watoto, wenye moyo mgonjwa. Yaani watu hao wa kale walijua kabisa kwamba dawa yao inaweza kuua. Ile sentensi ya chupani, kwamba ni ya asili kwa hiyo haina madhara, hakuna tabibu wa Ayurveda wa enzi yoyote ambaye angeikubali.

Chechi alikwenda mara 12. Kwa hesabu hiyo na dalili nyingine, akapangiwa siku tano za kurudi kwenye chakula, na hapa ndipo nilipoanza kuiheshimu tiba hii. Mlo wa kwanza ulikuwa maji ya wali yenye punje chache zinazoelea. Mlo uliofuata ule ule. Kisha uji mzito kidogo. Kisha mchuzi wa choroko usio na chumvi wala mafuta. Kesho yake choroko zile zile zenye chumvi na tone la samli. Mwisho wali na mboga. Yote yaliandikwa kwenye karatasi moja iliyobandikwa kwenye mlango wa jokofu, na Chechi, mwanamke wa sauti kubwa anayeendesha nyumba ya wageni, aliitii karatasi ile kama mwanafunzi wa darasa la kwanza. Charaka anasema agni baada ya kusafishwa ni kama cheche: ukiitupia gogo inazimika, ukiilisha majani makavu, kisha samadi kidogo, kisha vijiti, inakua mpaka iweze kupika chochote. Aliyewahi kuwasha jiko la kuni wakati wa mvua hahitaji maelezo zaidi.

Magamba ya Chechi yalipungua sana. Miezi minne baadaye aliniandikia kwamba yamerudi viwikoni, madogo.

Utaona sijagusa mafuta yanayomiminwa kwenye paji la uso, ile picha iliyojaa kwenye matangazo ya hoteli za Kerala. Inaitwa shirodhara, ni tiba nzuri ya kutuliza, na haimo kwenye yale matano.

Je, ushahidi unasemaje? Kidogo kuliko wanavyodai mashabiki, na zaidi ya wanavyokubali wapinzani. Mwaka 2002 ulichapishwa utafiti kutoka Fairfield, Iowa, uliopima kemikali zinazokaa kwenye mafuta ya mwili, za viwandani za jamii ya PCB na za viuatilifu, kwa watu 15 kabla na baada ya panchakarma, ukakuta zimepungua. Wazo lake halina ujinga: kemikali hizo huyeyuka kwenye mafuta, na huenda samli nyingi inazibeba kupitia nyongo. Lakini watu 15 ni wachache mno, na waliofanya utafiti walikuwa karibu na taasisi inayoihubiri tiba hiyo. Huwezi kujengea nyumba hapo. Utafiti ninaouheshimu zaidi ulifanywa Coimbatore, India, na kuchapishwa mwaka 2011. Wagonjwa 43 wa baridi yabisi waligawanywa makundi matatu: wengine walipewa dawa za Ayurveda, wengine methotrekseti, dawa ya hospitali ya ugonjwa huo, wengine zote mbili, na kila mmoja alipewa pia dawa bandia pale ilipohitajika ili asijue yuko kundi gani. Baada ya majuma 36 makundi yote yalikuwa yamepata nafuu inayokaribiana. Hao nao ni wachache, na kilichopimwa pale ni dawa za kunywa, panchakarma haikuwamo. Ila umeonyesha jambo ambalo kwa miaka mingi lilisemwa haliwezekani, kwamba tiba inayompangia kila mgonjwa dawa yake inaweza kuwekwa kwenye mizani sawa na nyingine. Zamani zaidi, mwaka 1949, daktari wa moyo wa Bombay, Rustom Jal Vakil, alichapisha Uingereza matokeo ya mzizi wa sarpagandha, dawa ya kale ya Ayurveda, kwa wagonjwa wa presha, na miaka mitatu baadaye reserpini ikatolewa kutoka mzizi huo, ikawa moja ya dawa za kwanza za presha duniani. Mzizi huo ulipopimwa ulionyesha nguvu yake na ulionyesha pia madhara yake. Hivyo ndivyo inavyotakiwa.

Nikilazimishwa kusema ni nini kilichomsaidia Chechi, ningetaja majuma matatu ya kupumzika, chakula chepesi cha saa maalumu, kukaa mbali na vyakula vya kukaanga, ngozi kavu kupata mafuta kila siku, na mtu mwenye elimu anayepiga simu kila jioni kuuliza habari ya njaa yako. Kama samli ilifanya zaidi ya hayo, ipimwe. Ningependa sana ipimwe.

Kuna jambo moja zito ambalo siwezi kulipita kwa kuogopa kuwaudhi wapenzi wa tiba hii. Tawi la Ayurveda linaloitwa rasashastra hutumia madini, zebaki, risasi na aseniki zikiwemo, baada ya kuzichoma na kuzisaga mara nyingi, likiamini kwamba hazina tena ubaya. Mwaka 2004 Robert Saper na wenzake walichapisha matokeo ya kupima dawa 70 za Ayurveda walizonunua katika maduka ya vyakula ya Wahindi karibu na Boston, Marekani. 14 zilikuwa na risasi, zebaki au aseniki. Mwaka 2008 wakachapisha tena, safari hii kwa dawa 193 walizonunua mtandaoni, na bado karibu moja kati ya tano ilikuwa na madini hayo. Fikiria mtu aliyeambiwa atoe sumu, akanywa risasi. Hiyo ni sumu yenye jina, na hospitali inaweza kuipima. India yenyewe inahangaika na jambo hili na ndugu zake: mwaka 2024 Mahakama ya Juu ya nchi hiyo iliibana kampuni ya dawa za Ayurveda ya Patanjali kwa matangazo ya kupotosha kuhusu tiba, hadi wakuu wake wakaomba radhi hadharani. Hii ni nchi yenye wizara nzima ya tiba za jadi tangu 2014, na ambayo mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani liliweka mjini kwake Jamnagar kituo cha kimataifa cha tiba hizo. Kama wao wanakaguana mpaka mahakamani, sisi wa Kariakoo na Mombasa tunanunua kwa imani gani?

Na wala hatukuwa wageni wa habari hizi. Upepo wa kusi unaopoza pwani yetu mwezi wa Juni ndio huo huo unaovuka bahari na kuiletea Kerala mvua; mwezi wao wa Karkidakam, katikati ya Julai hadi katikati ya Agosti, ambao ndio msimu wao mkubwa wa tiba hizi na wa uji wa mitishamba, ni mtoto wa kusi. Elimu nayo ilisafiri. Vitabu vya Charaka na Sushruta vilitafsiriwa kwa Kiarabu enzi za Waabasi huko Baghdad, na mganga wa pwani anayekuambia una baridi ndani, au balghamu imezidi, anazungumza lugha ya tiba ya Kiyunani iliyokaa karne nyingi jirani na hiyo ya Kihindi. Mafuta ya nyonyo, au mbarika kama wanavyosema wengine, yanayotajwa na vitabu vyao kila ukurasa wa tatu, yanatokana na mmea ambao asili yake ni kaskazini mashariki mwa Afrika.

Bibi zetu walikuwa na sanamaki, na hawakuitoa ovyo. Ulinyweshwa siku ya mapumziko, usiku wake umekula chepesi, asubuhi yake ukakaa nyumbani, na baadaye ukapewa uji mwembamba, haupewi pilau. Mzazi hukandwa kwa maji ya moto, akapakwa mafuta, akafukizwa, akanyweshwa uji wa pilipili manga, akalindwa arubaini nzima. Mwaka 2020 nyungu zilirudi kwenye nyua nyingi, kwa sababu nzuri na mbaya. Tulikuwa na mpangilio: lainisha, pasha, toa, lisha polepole. Wauzaji wa leo wamechukua neno moja tu la katikati, toa, wakalitia kwenye chupa.

Tanzania ina Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala namba 23 ya mwaka 2002, na Baraza lake lipo. Ombi langu kwao si kubwa. Dawa yoyote inayouzwa kwa neno sumu itaje ni sumu gani na ilipimwaje kutoka. Ikishindwa, neno hilo lifutwe kwenye lebo. Iandikwe wazi nani asiitumie, wenye kisukari, figo, moyo, mimba, kama Charaka alivyoandika orodha yake. Na anayemuuzia mtu dawa ya kuharisha awe na wajibu wa kumuuliza anameza vidonge gani. Swali hilo moja lingemwokoa shangazi, kwa kuwa glibenklamidi, kidonge chake cha sukari, ikiingia kwenye tumbo lisilo na chakula huishusha sukari hata kama umelala.

Kabla ya kuondoka Kochi niliipiga picha karatasi ya mlango wa jokofu. Niliporudi nilimtafsiria shangazi, mlo kwa mlo, maji ya wali, uji mzito, choroko bila chumvi, choroko na chumvi. Alisikiliza mpaka mwisho, akavua miwani.

"Mbona hivi ndivyo tulivyomlisha mama yako arubaini yote, alipokuzaa wewe," akasema. Akainuka, akaileta ile chupa kutoka kabatini, akaigeuza, akatafuta nyuma yake, akatafuta na chini. "Sasa hawa, baada ya kuharisha, waliniambia nile nini?"